Nyota ya Karema Katika Jumba la Tervuren

Jumba likijengwa na mfalme halikosi maneno. Hata likinyamaza, nguzo zake zinasema, sakafu inasema, na dari nayo inatia chumvi. Nimeyaona majumba ya namna hiyo, ya kwetu na ya ughaibuni, lakini sijaona lenye domo kama lile la Makumbusho ya Afrika huko Tervuren, nje kidogo ya mji wa Brussels, nchini Ubelgiji. Na kilichonifanya nishike kalamu si uzuri wake, ingawa ni zuri, tusidanganyane. Ni kwamba katika maneno yote yanayosemwa na jumba lile, mengine yanatuhusu sisi tunaosema Kiswahili, na wengi wetu hatuna habari.

Leopold wa Pili tunamjua kidogo. Tulisomeshwa shuleni, mpira wa Kongo, mikono iliyokatwa, tukajibu mtihani, tukasahau. Tunadhani ni ugomvi wa Wakongo na Wabelgiji, na sisi ni watazamaji tuliokaa pembeni tunakula karanga. Hebu tutazame basi.

Mwaka 1897 Brussels ilikuwa na maonyesho makubwa ya kimataifa. Leopold, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo hata siku moja, alikuwa na miaka 12 akiimiliki nchi ile kama mtu anavyomiliki shamba la minazi. Akataka Wabelgiji waione mali yake waipende, maana walikuwa wanamnung'unikia kwa gharama. Akaagiza sehemu ya Kongo iwekwe Tervuren kwenye bustani za kifalme, barabara pana ikachongwa kutoka mjini mpaka huko, na reli ya tramu ikawekwa. Watu zaidi ya milioni moja wakaja kutazama. Kutazama nini? Pembe za ndovu, kahawa, vinyago, mikuki, na watu. Ndiyo, watu. Wakongo 267 waliletwa kwa meli na kuwekwa bustanini penye vijiji vya maonyesho, wapike, wapige makasia kwenye bwawa, wacheze ngoma, huku wenyeji wamesimama nyuma ya uzio. Wageni walikuwa wanawatupia vyakula mpaka ikabidi libandikwe tangazo kwamba hao wamekwisha lishwa. Kiangazi kile kilikuwa cha mvua na baridi. Saba walikufa. Nitawarudia.

Maonyesho yalimfurahisha mfalme kiasi kwamba akataka yawe ya kudumu, tena ndani ya jumba linalolingana na hadhi yake. Mwaka 1900 alikwenda Paris akaliona jumba jipya la Petit Palais, akamtaka aliyelichora, Mfaransa Charles Girault. Ujenzi ukaanza mwaka 1904. Fedha zilitoka kule kule, kwenye mpira na pembe za Kongo. Leopold akafa Desemba 1909 bila kukata utepe, na mpwa wake Albert ndiye aliyelifungua mwaka 1910.

Mtu akiambiwa "makumbusho ya Afrika" anaweza kufikiri atakuta kitu chenye sura ya Afrika. Wapi! Ni kasri la Kifaransa la mtindo wa karne ya 18, mawe meupe, nguzo zimejipanga kama askari wa gwaride, madirisha marefu, na mbele yake bustani iliyokatwa kwa rula mpaka miti haina ruhusa ya kuinamisha tawi. Maji ya bwawa yamelala chini, jumba linajitazama humo kama bibi harusi. Herufi mbili za L zilizogeuziana migongo, alama ya mfalme, zimechongwa kwenye kuta mara 45. Hapo nilicheka. Mtu anayeandika jina lake mara 45 kwenye nyumba moja ana wasiwasi na kitu.

Binamu yangu anayefanya kazi Brussels ndiye aliyenipeleka, Oktoba 2022. Unapanda tramu namba 44 kutoka Montgomery, inapita kwenye msitu mnene wa miti mirefu, majani yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu, na kituo cha mwisho ni pale pale. Binamu yangu hakuwa na hamu. Alikaa nchi ile miaka tisa bila kufika. Aliniambia, "Ndugu yangu, mimi nikitaka kuona vinyago nitakwenda Mwenge."

Siku hizi huingii kwa mlango wa mfalme. Makumbusho yalifungwa mwaka 2013 yakafanyiwa matengenezo makubwa, yakafunguliwa tena Desemba 2018. Msanifu majengo Stéphane Beel alijenga banda la vioo kando ya kasri, na kutoka hapo unashuka chini ya ardhi, unapita kwenye ujia mrefu mweupe usio na kitu ila mtumbwi mmoja wa mti mzima, wenye urefu wa zaidi ya mita 22. Ukutani imeandikwa kwa lugha kadhaa kwamba kila kitu hupita isipokuwa yaliyopita. Nimeupenda ujanja wa Beel. Zamani mgeni alipanda ngazi, akaingia moja kwa moja chini ya kuba, akapigwa na dhahabu usoni kabla hajavuta pumzi. Sasa anaingia kwa chini, kama mtu anayeingia nyumba ya tajiri kupitia jikoni, na akifika ukumbini amekwisha ona masufuria.

Lakini ukumbi wenyewe haukubomolewa, wala hauwezi kubomolewa, maana jengo zima linalindwa na sheria ya urithi. Na ukumbi huo ndio moyo wa habari yangu.

Ni ukumbi wa duara chini ya kuba kubwa, kuta na sakafu ni za marumaru za rangi nyingi. Katikati ya sakafu imetiwa nyota. Pembeni, kwenye vishubaka vya ukuta, zimesimama sanamu za dhahabu zilizotengenezwa na Arsène Matton, Mbelgiji aliyekwenda Kongo mwaka 1911 na kuchukua chapa za nyuso za watu kwa plasta ili sanamu zake zipate sura za kweli. Moja inaonyesha Ubelgiji ikileta ustaarabu Kongo: Mzungu ni mkubwa, anang'aa, na Mwafrika ni mdogo amebanwa ubavuni kwake kama mtoto anayechanjwa. Chini ya hizo za dhahabu kuna sanamu nyeusi za shaba za Herbert Ward, Mwingereza aliyewahi kusafiri na Stanley, nazo zinaonyesha Waafrika uchi wakifanya kazi za mikono. Dhahabu juu, weusi chini. Huhitaji kujua kusoma.

Na moja kati ya zile za dhahabu inaitwa Utumwa. Hapo hayupo Mbelgiji. Yupo mfanyabiashara wa watumwa, Mwarabu, na mateka wake. Ndiyo hoja nzima ya jumba hilo imefungwa katika sanamu moja: tulikwenda Kongo kwa sababu ya huyu. Wala halikuwa wazo la Matton peke yake. Kwenye yale maonyesho ya mwaka 1897 Charles Samuel alikwisha leta sanamu ya Mtetela anayemkinga mwanamke dhidi ya Mwarabu.

Sasa, msomaji, huyo "Mwarabu" ni nani? Katika vitabu vya Wabelgiji wa wakati ule jina hilo lilimkusanya kila mtu aliyetoka upande wa Bahari ya Hindi akiwa na kanzu na bunduki: Mwarabu wa Omani, Mswahili wa Mrima, mngwana wa Unguja, hata Mnyamwezi aliyejifunga kilemba. Ni sisi. Ni babu zetu, au jirani wa babu zetu, wamesimama pale kwenye marumaru ya Ulaya tangu enzi hizo, wamepakwa dhahabu, wanawatisha watoto wa shule wa Kibelgiji.

Sitasema ni uongo. Nyangwe ilikuwepo, na soko lake Livingstone alilishuhudia Julai 1871 watu wakipigwa risasi na kuzama mtoni kwa mamia. Kasongo ilikuwepo. Ujiji ilikuwepo, na njia yake ya kushuka pwani ilijaa mifupa. Kijana wa Dar au wa Mombasa akisema yale yalisingiziwa na wakoloni, mwambie akasome upya. Ninachokikataa ni kuwekwa kwa sanamu ile katika nyumba ile. Februari 1887, hapo hapo Unguja, Leopold kwa mkono wa Stanley alitiliana mkataba na Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip tunayemjua, mkubwa wa wafanyabiashara wote wa pembe na watumwa huko bara, akamfanya liwali wake wa Stanley Falls, kwa mshahara. Alimwajiri! Halafu biashara ya pembe ilipoanza kugombaniwa ndipo ikaja vita ya mwaka 1892 hadi 1894, Sefu mtoto wa Tippu Tip akafa humo, na vita ile ikapewa jina zuri la vita dhidi ya utumwa. Kasri lilipopambwa, sanamu ya mwajiriwa ikawekwa kama sura ya uovu, na mwajiri akaandikwa ukutani mara 45.

Tippu Tip mwenyewe alifia Unguja mwaka 1905, mzee wa watu, jumba la Tervuren likiwa bado linajengwa. Nasi waandishi chipukizi tusisahau kwamba ndiye aliyetuachia maisha yake kwa Kiswahili, kitabu kizima. Hakuona haya wala hakuomba radhi. Kisome. Kuna mahali utashangaa jinsi mtu anavyohesabu frasila za pembe kwa upole kama anahesabu embe.

Nimesema nyota. Nirudi kwenye nyota.

Ile ya sakafuni ndiyo nyota ya bendera ya dola ya Kongo, ya dhahabu kwenye buluu. Lakini kabla ya kuwa bendera ya dola ilikuwa bendera ya chama, ile Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika aliyoianzisha Leopold mwaka 1876 kwa kisingizio cha sayansi na huruma. Na chama hicho kituo chake cha kwanza hakikuwa Kongo. Kilikuwa Karema, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, leo mkoa wa Katavi, kilichoanzishwa na Kapteni Cambier mwaka 1879. Msafara ulitoka Unguja, ukavuka Bagamoyo, ukapanda kwa miguu ya wapagazi mpaka Tabora na kuendelea. Mwaka huo huo, na hili ni kwa ajili ya wenzangu wa Dar, Leopold alileta ndovu wanne kutoka Bara Hindi, wakashushwa baharini pale Msasani, ili ajaribu kama wanaweza kubeba mizigo badala ya watu. Mradi ulikufa pamoja na ndovu wenyewe. Ukipita Msasani siku nyingine, kunywa soda yako uwafikirie.

Kwa hiyo nyota ya kwenye marumaru ya Tervuren ilipitia kwetu kwanza. Na iliporudi Ulaya ilirudi na kitu mkononi.

Mwaka 1882 Karema ilipata mkuu mpya, Luteni Émile Storms. Watu walimpa jina la Bwana Boma, na alistahili, maana mwaka uliofuata alivuka ziwa akajenga boma jingine upande wa pili, Mpala, katika nchi ya Watabwa. Huko milimani Marungu alikuwepo chifu mmoja mwenye nguvu aitwaye Lusinga. Nisimpambe: Lusinga naye alikuwa mwindaji wa watu. Alipata bunduki kwa kuuza mateka kwa wafanyabiashara wa pwani, na majirani zake walimwogopa kama ndui. Bwana Boma alitaka amtii, Lusinga akakataa. Tarehe 4 Desemba 1884 watu wa Storms waliingia kijijini kwake, wakamuua, wakakata kichwa, wakachoma nyumba, wakateka watu na vitu. Kichwa kilipelekwa kwa Bwana Boma. Pamoja nacho kilipelekwa kinyago cha mbao cha mzee wa ukoo wake.

Waliofanya kazi hiyo ni nani? Si Wabelgiji. Ni rugaruga na askari wa msafara, watu waliotoka Unyamwezi, kandokando ya ziwa, hata pwani. Amri zilikwenda kwa Kiswahili. Hata jina la bwana wao ni Kiswahili.

Storms alirudi kwao mwaka 1885 na mizigo yake. Fuvu la Lusinga lilipimwa na daktari mmoja wa Brussels, kwa vipimo vile vya zamani vya kutafuta akili kwenye umbo la mfupa, na baadaye likahifadhiwa kwenye taasisi ya sayansi za asili mjini humo pamoja na mafuvu ya machifu wengine wawili aliowachukua Storms. Kinyago kilikaa nyumbani kwa Storms kama pambo. Alifika cheo cha jenerali, akafa mwaka 1918, na katika miaka ya 1930 mjane wake akakitoa zawadi kwa makumbusho ya Tervuren. Zawadi. Ndivyo vitabu vya makumbusho vinavyoandika.

Nilikiona. Nilisimama mbele ya kioo muda mrefu mpaka binamu yangu akaenda kutafuta kahawa. Si kikubwa, kinafika mapajani mwa mtu. Ni mwanamume amesimama wima, mikono ameiweka tumboni, macho ameyashusha, nywele zimesukwa zikashuka mgongoni mkia mrefu, na mwili umechorwa chale kwa mistari ya vidoto. Mti umeng'aa kwa mafuta na vidole vya watu. Fundi aliyekichonga hakujulikana jina, hakuna aliyemwuliza. Ila ukikitazama unajua alikuwa ana subira kuliko Matton na Girault kwa pamoja. Sanamu za ukumbini zinakusukuma, zinataka ukubali kitu. Hiki hakikutaki chochote. Kimetulia ndani yake. Kwa Watabwa kinyago cha namna hiyo kilikuwa mahali pa kuwaita waliotangulia, na chifu alikihitaji ili watu wajue utawala wake una mizizi. Storms alilijua hilo. Hakuchukua pambo, alichukua cheti cha nchi.

Nikiwa nimesimama hapo akaja mama mmoja mtu mzima, amefunga kitenge, ameongozana na wajukuu wawili wanaosema Kifaransa. Alinisikia nikimwita binamu yangu kwa Kiswahili. Akanitazama, akasema, "Wewe unatoka kwetu?"

"Hapana mama. Natoka Tanzania, Dar es Salaam. Shikamoo."

Akacheka kwa ile shikamoo, si mazoea yao. "Mimi natoka Moba," akasema. Kisha akanyoosha kidole kwenye kioo. "Huyu njo mutu ya kwetu. Ya Marungu."

Nikamwambia najua. Nikamweleza habari ya Karema, kwamba walivuka ziwa kutoka upande wetu. Sikujua kama nafanya adabu au utovu wa adabu. Mama alinisikiliza, akatikisa kichwa, akasema kitu ambacho nimekibeba mpaka leo: "Tunajua. Bakubwa balitwambia. Bazungu hawakujua njia." Akawavuta wajukuu zake wakaenda kutazama mamba.

Wazungu hawakujua njia. Hapo ndipo sanamu ya Utumwa kule ukumbini inapobadilika. Yule Mwarabu wa dhahabu na Bwana Boma hawakuwa maadui wa tangu na tangu. Walitumia njia moja, wapagazi wale wale, rugaruga wale wale, lugha ile ile. Lusinga alipata bunduki kwa hao wa kwanza, akauawa kwa bunduki za huyu wa pili, na walioshika bunduki mara zote mbili ni vijana wa rika letu waliohitaji doti ya nguo. Jumba limejengwa ili usiwaone. Kuna Mzungu wa dhahabu, kuna Mwarabu wa dhahabu, kuna Mwafrika mweusi wa shaba. Rugaruga hana kishubaka.

Makumbusho yenyewe, tuseme haki, yamejaribu. Mchonga sanamu Aimé Mpane, mzaliwa wa Kinshasa, aliweka katikati ya ukumbi ule kichwa kikubwa cha mbao chenye matundu, mwanga unapita ndani yake, na baadaye akaongeza mkabala wake fuvu, nalo akaliita la chifu Lusinga. Yeye na mwenzake Mbelgiji Jean Pierre Müller walitengeneza pia mapazia mepesi yenye picha yakatundikwa mbele ya sanamu 16, ili ukimtazama Mzungu wa dhahabu umwone kupitia picha nyingine. Sanamu nyingine mbaya zaidi zimepelekwa stoo ya chini, humo yumo mtu-chui wa Paul Wissaert wa mwaka 1913, yule wa kucha za chuma anayemnyemelea mtu aliyelala. Mchoraji Chéri Samba alichora mwaka 2002 vuta-nikuvute ya Waafrika wanaomtoa mtu-chui nje kwa kamba na Wazungu wanaomng'ang'ania abaki. Picha ile ingetosha kuwa makumbusho peke yake. Mapazia sikuyapenda sana. Yanafunika jambo lililotakiwa kuonekana uchi. Lakini kichwa cha Mpane kimenipa kitu, maana ni mti, na kimesimama katikati ya marumaru bila kuomba ruhusa.

Je, vitu virudi? Hili swali wasomaji wengi mtalijibu kwa pupa, na mimi jibu langu ni ndiyo, ila lina matawi. Tervuren ina vitu vya utamaduni zaidi ya laki moja na elfu ishirini, na sehemu kubwa ilitoka Kongo. Vingine vilinunuliwa, vingine vilipewa, vingine ni ngawira tupu. Barakoa ya Waluba yenye pembe za kujipinda, iliyowahi kuwa nembo ya makumbusho hayo, ilichukuliwa vitani na afisa Michaux mwaka 1896. Nkisi yule wa misumari wa Boma alichukuliwa na Delcommune mwaka 1878, na mwenyewe Ne Kuko aliomba arudishiwe wakati ule ule, akanyimwa. Mobutu alisimama Umoja wa Mataifa mwaka 1973 akadai. Kati ya mwaka 1976 na 1982 vikarudi vitu 114, haba mno, na baadhi ya vitu hivyo viliibwa Kinshasa nchi ilipovurugika, vikaonekana tena kwenye maduka ya Ulaya. Hapo Wazungu wengi hufurahi: mnaona? Hamwezi kutunza. Ni sawa na mwizi wa kuku anayekataa kumrudisha kwa kuwa banda lako lina tundu, na tundu alilitoboa yeye. Kinshasa ina makumbusho mapya tangu 2019, na Juni 2022 Mfalme Philippe alipeleka huko barakoa kubwa ya Wasuku iitwayo Kakuungu, lakini kwa mkopo usio na mwisho. Mwezi uliofuata Ubelgiji ikapitisha sheria ya kurudisha. Tutaona.

Tawi langu ni hili: kinyago cha Lusinga kikirudi, kirudi wapi? Kinshasa ni mbali na Marungu kuliko Dar ilivyo. Watabwa wako Moba na Mpala, na wengine wako upande wetu wa ziwa. Karema siku hizi ina bandari mpya ya kusafirisha shehena kwenda Kalemie na Moba. Mimi ningependa kinyago kile kipite Karema. Kiletwe kwa njia ile ile kilikotokea, watu wa Karema wakitoe majini kwa mikono yao, wakikabidhi ng'ambo, na wasiseme hotuba. Binamu yangu alisema ni ndoto ya mwandishi. Inawezekana. Lakini Katavi tuna madiwani, tuna wazee, tuna walimu wa historia. Sijasikia hata mmoja aliyeuliza ni nani kutoka kijijini kwake alikwenda Marungu Desemba ile.

Kabla hatujatoka tuliingia kwenye ukumbi mrefu wenye ukuta wa majina. Ni majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo kati ya mwaka 1876 na 1908, yamechongwa ukutani kwa adabu zote, safu kwa safu. Waafrika waliokufa miaka hiyo hawamo hata mmoja. Msanii wa Kinshasa Freddy Tsimba alifanya jambo dogo hapo. Hakugusa ukuta. Aliandika kwenye vioo vya madirisha mkabala nao majina ya Wakongo waliofia Ubelgiji, wakiwemo wale saba wa mwaka 1897. Jua likitoka, vivuli vya majina hayo vinalala juu ya majina ya Wabelgiji. Siku ile lilikuwa wingu. Tulingoja kama robo saa, mlinzi akitutazama kwa shaka, likatoka kidogo, kivuli kikapita ukutani chepesi kama moshi, kikapotea.

Makaburi yenyewe yako kando ya kanisa la mji, si mbali. Ni mawe saba yaliyopangwa. Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Binamu yangu, yule yule wa Mwenge, ndiye aliyeyasoma kwa sauti, moja baada ya jingine, kisha akaniuliza kama Mibange ni jina la kike au la kiume, tukabishana hilo mpaka kituo cha tramu.